Tone Likuangukie

Benchi la Lefteria lipo nyuma ya kilichokuwa kiwanda cha sweta, katika mji wetu mdogo wa Albania, chini ya mlima wa Morava, upande ambao jua la asubuhi huwahi na baridi huchelewa. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele yake meza ya domino iliyopauka, na ubavuni nguzo ya umeme inayobandikwa tanzia za mtaa mzima, moja juu ya nyingine, mpaka nguzo imenenepa. Lefteria ni mjane mwenye ulimi mkali. Hupika kahawa kwenye kibanda chake cha bati, birika dogo moja kwa kila vikombe viwili, na ukimharakisha anakupa makapi. Zamani wenye benchi walikuwa wanne, wote wamevuka sabini na tano. Tangu baridi ya mwaka huu wamebaki watatu. Yupo Petraq, fundi wa vioo vya madirisha, ambaye kila ubaya duniani huutafutia mlango ulioachwa wazi, ndiyo maana anaitwa Upepo. Yupo Rrapo, aliyewachoma sindano ng'ombe wa ushirika miaka thelathini, anaitwa Daktari na anaitika. Na yupo Thimaq, mpiga gitaa, aliyeitwa Nyuzi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wa nne alikuwa Jorgaq, na kwa sauti aliyojaliwa hakuna aliyemwita kwa jina lake; alikuwa Jogoo. Leo ni arobaini yake.

Walikuwa wametoka kanisani, kila mmoja na tai inayomkaba. Olimbi, binti pekee wa Jogoo, alikuwa amekuja kutoka Selaniki, Ugiriki, alikokwenda kulea vikongwe wa watu, na ilijulikana kwamba akimaliza makaburini atapita benchini na bakuli la ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kumwombea marehemu. Thimaq alikuwa na jambo la kumwambia. Alilala nalo, akaamka nalo, na sasa alikuwa amelikalia.

Rrapo alikuwa amesimama mbele ya nguzo, miwani kaishika mkononi kama kioo cha kukuzia.

— Sofika wa Gaqo, yule wa tanuri la mikate. Aliingia hospitali Jumatatu, tanzia ya leo Alhamisi. Siku tatu.

— Jogoo naye siku tatu, alisema Petraq.

— Mbili na nusu, alisema Thimaq.

— Nyuzi, mfu hapimwi na nusu.

— Na Pandi wa posta siku tano, Rrapo aliendelea, na yule mwalimu wa hesabu hakumaliza hata wiki. Hebu niambieni, kuna mtu wa tone aliyeingia pale akamaliza siku saba? Mimi simjui. Sasa sikilizeni neno la mtu aliyesoma: tone halimuui mtu. Kitanda cha hospitali ndicho kinachomuua.

Kwetu kiharusi hakina jina jingine. Ni tone. Linamwangukia mtu kutoka kusikojulikana, mdomo unapinda, mkono unakufa, basi. Na kwa kuwa tumelizoea, tumelifanya laana ya nyumbani. Mtoto akimwaga maziwa, mama yake humwambia tone likuangukie, na huku anamfuta. Wachumba huambiana wakicheka. Kwenye domino ndiyo salamu ya kila aliyefungwa kwa kila aliyefunga, na asiyeisema anadhaniwa amenuna.

— Ni upepo, alisema Petraq.

— Tulijua, alisema Lefteria kutoka kibandani.

— Hapana, nisikilizeni. Vioo vya wodi ile niliviweka mimi, kwa mikono hii, mwaka wa sabini na nane. Mbao zilikuwa mbichi, sasa zimekauka, unapitisha kidole. Dirisha huku, mlango kule, mgonjwa katikati kama shati kwenye kamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Methali hiyo si ya madirisha, Upepo.

— Ufa ni ufa, Lefteria.

— Acheni porojo niwape sayansi, alisema Rrapo, akakaa na kunyoosha vidole. Mtu kaangukiwa na tone. Moja. Si mawili. Anafikishwa pale, wanamfanya nini? Wanamtundikia chupa. Na chupa inafanya nini? Inadondosha. To, to, to, mchana kutwa, usiku kucha. Haba na haba hujaza kibaba. Tone moja limemlaza mzee wa watu, wewe unamwongezea elfu nane.

— Sasa wamtundikie nini, soksi?

— Mimi ng'ombe wangu sikumtundikia chupa hata siku moja.

— Ng'ombe wako walikufa, alisema Lefteria.

— Walikufa, lakini walikufa na afya zao.

Petraq alicheka mpaka akakohoa. Hata Thimaq alijikuta anatabasamu, kisha akakumbuka, akaacha. Kila stori ikichangamka benchini, shingo yake iligeuka yenyewe upande wa kushoto kumtafuta Jogoo aongeze chumvi, na kila mara ilikuta ubao mtupu. Walikuwa hawajapakalia pale. Hakuna aliyekataza, ila wote watatu walibanana upande mmoja kama watu wanaongoja basi.

— Halafu kuna jambo la simu, Rrapo alisema, maana nadharia ya kwanza ikipokewa vizuri yeye huleta ya pili. Tone la zamani lilikuwa la hapa hapa, zito, polepole. La siku hizi linaletwa na simu. Watoto wote wako nje. Simu inalia, unaiweka sikioni, damu yote inapanda kwenda kusikiliza mjukuu anasema nini. Mjukuu anasema Kigiriki. Damu inabaki pale juu inashangaa, njia ya kurudi haioni.

— Hiyo kamba, alisema Petraq, lakini kwa sauti ya mtu aliyeanza kuiamini.

— Na kwa nini wanakufa wakishalazwa? Kwa sababu pale simu wanawanyang'anya. Damu imeshazoea kupanda, sasa imekosa wa kumsikiliza.

— Mungu wangu, alisema Lefteria, akaweka vikombe mezani. Kunyweni kabla hamjawa vichaa.

Walikunywa. Thimaq alitazama jina la Sofika pale nguzoni. Picha waliyoichagua ni ya ujanani, ana kisuka begani.

— Yule tulimwimbia, alisema.

— Nani?

— Sofika. Mwaka wa sitini na tisa, chini ya dirisha la baba yake, pale penye mti wa mlozi. Gaqo ndiye aliyempenda, lakini Gaqo sauti yake ilikuwa ya mlango usiotiwa mafuta. Basi akajificha nyuma ya pipa la kabichi, akawa anafungua mdomo tu, na Jogoo anaimba kwa niaba yake.

— Na taa ikawashwa, alisema Petraq.

— Ikawashwa. Msichana akiwasha taa amekubali. Gaqo akaruka kwa furaha, pipa likabingirika mpaka mtoni. Sofika aliishi miaka hamsini na tano na mume aliyemdhani anajua kuimba.

— Alipogundua?

— Alimwambia Gaqo, tone likuangukie.

Wakacheka wote, kicheko kile cha chini kinachokuja na maji machoni. Thimaq aliipenda sana miaka ile, na hakuona aibu kuipenda. Mtaa ulikuwa hauna kitu, mkate wa foleni, sukari ya foleni, lakini watu walikuwapo. Ukifungua dirisha na kuita jina lolote, mtu aliitika.

— Kozma seremala, mnamkumbuka? aliuliza. Yeye tone lilimwangukia mwaka wa sabini na nne, na alikula miaka kumi na minne baada ya hapo.

— Kwa mguu mmoja, alisema Rrapo.

— Mmoja na nusu. Alipanda vitunguu kwa mkono wa kushoto, na kila mwaka mpya alicheza, ule mguu mbovu anauburuta kama mtoto mtundu anayepelekwa shule. Na mnajua nani alimpeleka hospitali? Jogoo. Kozma kaanguka kwenye randa, maranda bado yako nywelani. Jogoo alikuwa ananyoa, upande mmoja umenyolewa, mwingine umejaa sabuni. Alitoka vile vile, akanyakua mkokoteni wa maziwa, madebe akayamwaga barabarani, akamlaza Kozma ndani, akakimbia nao kilomita tatu miguu mitupu huku anaimba kwa nguvu zote watu wampishe njia.

— Alikatwa mshahara kwa ajili ya maziwa yale, alisema Petraq.

— Akasema yalikuwa yameshachacha.

— Walikuwa watu, Rrapo alisema, akapenga kamasi. Na tone lenyewe lilikuwa tone la heshima. Linakuachia mguu, linakuachia ulimi. Hili la siku hizi halina malezi.

Moyo wa Thimaq ulikuwa umeshatoka kwa Kozma, umekwenda kwenye ile Ijumaa.

Ilikuwa hapa hapa. Jogoo alikuwa amefunga mchezo mara ya tatu mfululizo, kagonga sita-sita mezani mpaka vikombe vikaruka, halafu, kwa utani wake ule, akasema: Nyuzi, leo nikwambie siri, gitaa lako limetoka nje ya sauti tangu sitini na nane, mimi nilikuwa naimba kwa nguvu ili kulifunika. Petraq na Rrapo wakafa kwa kicheko. Thimaq ilimchoma. Ilimchoma mahali ambapo hakujua kwamba bado kuna nyama. Akamwambia tone likuangukie, kama alivyomwambia mara elfu kumi, ila safari hii hakucheka, na mwishoni akaongeza jina lake la ubatizo. Jogoo akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Kikombe kikaenda chini. Mdomo ukavutwa kushoto kama mtu anayetaka kupiga mluzi, na maneno yakamtoka yamelowa, hayashikiki.

Kwanza walicheka, walidhani anamwigiza mtu. Kisha Petraq akasema ni upepo umempiga usoni, na kweli Petraq mwenyewe aliwahi kupinda mdomo hivyo ujanani akapona. Wakamkokota hadi kwa Thimaq, ndiyo nyumba ya karibu. Wakafunga madirisha, wakamfunga kichwa skafu ya sufi, wakamsugua pombe ya raki shingoni, wakamwekea kigae cha moto miguuni. Rrapo akamfinya paja, akasema anasikia. Alale. Kesho ataamka anawika. Kesho yake mchana, supu ilipokuwa inatoka upande ule ule ilikoingilia, ndipo wakaita gari la mpwa wa Rrapo.

Kwa simu Thimaq alimwambia Olimbi kwamba baba yake lilimwangukia usiku, usingizini. Hakusema neno la domino. Angesemaje? Siku arobaini alikuwa anajiona muuaji, na kila alipopita mbele ya kioo alitazama kinywa chake kama watu wanavyotazama mbwa aliyemng'ata mtoto. Leo alikuwa ameapa kuitoa siri hiyo.

Olimbi alikuja kwa mguu, amevaa nyeusi, bakuli limefunikwa leso nyeupe. Alikuwa mwanamke wa hamsini, mnene kidogo, na macho ya baba yake. Wazee wote watatu walisimama.

— Mungu amlaze pema, walisema kwa pamoja.

— Amina, ami zangu. Nanyi Mungu awape uhai.

Kila mmoja alichota ngano yake kwa kiganja, ya sukari, zabibu na njugu za mlimani, akala polepole. Kisha Olimbi, ambaye hakujua mpango wa ubao, akakaa upande wa kushoto, pale pale. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Lefteria alimletea kahawa isiyo na sukari, kama inavyonywewa kwenye matanga, akamshika bega.

— Kunywa, binti. Umekonda.

— Sijakonda shangazi, ni hii nyeusi.

Thimaq aliona asiposema sasa hatasema tena.

— Olimbi, mwanangu.

— Naam, ami.

— Mimi ndiye niliyemwambia.

— Ulimwambia nini?

— Tone likuangukie. Hapa mezani. Alinitania kuhusu gitaa, nikakasirika, nikamwambia, na wala sikucheka. Palepale kikombe kikamtoka. Mimi ndiye, mwanangu. Nilikudanganya kwenye simu.

Petraq na Rrapo walitazamana. Walikuwa wamekaa naye siku arobaini bila kujua kwamba amebeba kitu kama hicho. Olimbi alimtazama yule mzee na tai yake iliyopinda, na midomo yake ikaanza kutetemeka, wakadhani analia. Alikuwa anacheka.

— Ami Thimaq. Mama alimwambia hivyo kila Mungu alipoleta siku, miaka arobaini na miwili. Akiingia na viatu vya matope, tone likuangukie. Akisifu chakula, tone likuangukie, jana hukusifu. Siku anakata roho alimtazama baba analia kitandani, akamwambia tone likuangukie Jorgaq, kanyoe ndevu, wageni wanakuja. Ndilo neno lake la mwisho. Kama laana hiyo ingekuwa inashika, mimi nisingezaliwa.

Lefteria alicheka wa kwanza, kisha wote. Thimaq yeye alilia. Alilia waziwazi, mabega yakipanda na kushuka. Olimbi alimpa ile leso nyeupe ya bakuli. Leso ikampaka sukari usoni, na hilo nalo likawachekesha.

— Unaona, Nyuzi? alisema Petraq. Ulimi hauna mfupa.

— Hiyo nayo haipo mahali pake, alisema Lefteria.

— Leo niache, mama.

Ikawa asubuhi nzuri tena. Rrapo akaanza kumweleza Olimbi habari ya chupa na matone elfu nane, na Olimbi akasikiliza kwa adabu, kichwa ameinamisha, vile alivyosikiliza tangu utotoni alipotumwa kumwita baba yake chakulani. Rrapo alipomaliza, Olimbi alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Jana nimepewa hii hospitali. Nilitaka niwaulize nyinyi, maana yule daktari kijana aliniuliza mimi nami sikuwa na jibu kamili. Kila kitu kimejazwa. Jina, miaka, shinikizo la damu. Mstari mmoja tu hauna jibu. Hapa. Saa ilipoanza. Wameandika haijulikani.

— Makaratasi, alisema Rrapo. Wanapenda makaratasi.

— Alisema ndiyo swali lao la kwanza kwa kila mtu wa tone. Alisema ana dawa kabatini inayofaa kwa saa chache za mwanzo, na baada ya hapo hata akimpa mtu ni kumdhuru. Kwa hiyo anauliza ilianza saa ngapi, na watu wanamwambia haijulikani, naye anafunga kabati. Mimi nilimwambia usiku, kama ulivyoniambia, ami. Sasa kumbe alikuwa hapa na nyinyi. Ilikuwa saa ngapi?

— Tone halina saa, alisema Petraq.

— Ilikuwa jioni jioni hivi, alisema Rrapo, akitazama mezani.

Thimaq alikuwa amekwisha kudanganya mara moja, na ameonja leo utamu wa kusema kweli.

— Saa nne, alisema.

— Za usiku?

— Asubuhi. Ijumaa. Kengele ya kanisa ilikuwa ndiyo imemaliza kupiga.

Olimbi aliisogeza karatasi kwenye jua, akatafuta kwa kidole.

— Hapa wanasema alifikishwa Jumamosi. Saa sita mchana.

— Ndiyo.

— Kutoka saa nne ya Ijumaa.

— Ndiyo, mwanangu.

Olimbi hakuwa mtu wa hesabu, alihesabu kwa vidole, akavimaliza vya mkono mmoja na wa pili, akarudia tena, akarudia tena. Kisha akainua uso. Hapakuwa na ukali wowote usoni pake. Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia ya kwenda sokoni.

— Sasa saa zote hizo, ami, mlikuwa mnangoja nini?

Petraq alifungua mdomo. Ile methali ya haraka isiyo na baraka, aliyoisema yeye mwenyewe Ijumaa ile akimfunga Jogoo skafu, ilimfikia hadi menoni, akaufunga mdomo. Rrapo alikunja vidole vyake vya kufinyia paja akaviweka chini ya meza. Lefteria alisimama mlangoni mwa kibanda na birika mkononi.

Thimaq alitafuta. Jibu la laana alikuwa nalo tangu jana, amelipanga neno kwa neno. Hili alilitafuta kila mahali, ndani ya ile Ijumaa ndefu, chumba cha joto, kigae, raki, wao watatu wamekaa kuzunguka kitanda wakikumbushana nyimbo ili Jogoo asipweke, na Jogoo akiwatazama kwa jicho lile moja lililokuwa bado lake. Walikuwa na furaha kidogo, alikumbuka. Walikaa naye vizuri. Hawakuwa wanangoja kitu.

— Ami? alisema Olimbi.

Alikuwa kweli anataka kujua. Aliweka kikombe chini, akaiwekea karatasi mkono isipeperuke, akawatazama mmoja mmoja, na akangoja.